Kuwahimiza Vijana Kusoma na Kuingia Maktaba ya Chuo Chao

  

Katika miji ya pwani, tangu Lamu mpaka Kilwa, mtoto anapokhitimu Msahafu hufanyiwa furaha kubwa. Huvishwa kanzu na kofia mpya, mwalimu hupewa haki yake, watu hualikwa wakala wakashiba, na mzazi husifiwa kuwa ametimiza wajibu wake. Hiyo ni ada njema, wala hapana mwenye haki ya kuitia ila. Walakini utazamwe umri wa mtoto siku ile: mara nyingi yuko baina ya miaka 10 na 13. Na akiulizwa, baada ya karamu hii, ni kitabu gani atakachokifungua kesho, hana jawabu; na baba yake hana jawabu; na pengine hatta mwalimu wake hana. Basi siku iliyowekwa kuwa mlango wa elimu imegeuka ikawa ndiyo kufuli yake.

Wenye vyombo wanalijua jambo hili kwa macho yao. Jahazi likipandishwa pwani likaachwa juani miezi mingi, pasina kutiwa maji wala kupakwa sifa, mbao zake hukauka zikaachana, na siku litakaposhushwa huvuja kila pahali, ijapokuwa fundi aliyeliunda alikuwa hodari. Ndivyo alivyo kijana aliyesomeshwa vizuri kisha akaachwa. Akifika miaka 18 ulimi wake umekuwa mzito, macho yake huchoka kwa ukurasa mmoja, na karatasi ya mkataba ikiletwa mbele yake huitia sahihi bila ya kuisoma.

Na izingatiwe kuwa neno la kwanza alilopelekewa Mtume S.A.W. katika Jabali la Hira lilikuwa ni amri ya kusoma, na aliyepelekewa alikuwa mtu mzima wa miaka 40. Basi wale wanaosema kuwa kusoma ni kazi ya watoto wa chuoni, na kwamba mwanamume akitoka ndevu amekwisha kusoma, hawajui wanalolisema.

Husemwa sana barazani kuwa vijana wa zama hizi hawapendi vitabu. Wapendalo ni mpira na simu. Neno hili lina ukweli ndani yake, lakini si kweli yote. Na itazamwe kwanza maktaba yenyewe. Katika madrasa nyingi, na katika skuli nyingi pia, kinachoitwa maktaba ni kabati moja au mawili yaliyosimamishwa katika chumba cha mwalimu mkuu, yana vioo mbele na kufuli, na ufunguo uko mfukoni mwa mtu mmoja. Mtu huyo akisafiri, elimu imesafiri pamoja naye. Ndani mna vitabu vya fikihi na nahau vilivyopigwa chapa Misri na Bombay, ambavyo mzee fulani aliviacha alipofariki. Mna vitabu vya masomo ambayo yamekwisha badilishwa. Mna majalada yaliyoshikana kwa unyevu, na mengine mchwa wameyala wakaacha magamba tu, yakitazamwa kwa nje ni mazima. Kijana wa miaka 15 hupita mbele ya kioo hicho kila siku, mwaka baada ya mwaka, asipate kugusa hatta ukurasa mmoja. Kisha husemwa kuwa hapendi kusoma! Mwenye kumfungia mtu chakula hana ruhusa ya kusema kuwa mtu huyo hana njaa.

Na jambo hili ni zito zaidi katika vitabu vya wakfu. Katika madhehebu ya Imam Shafi'i kitabu ni katika mali inayosihi kuwekwa wakfu, kwa kuwa watu hufaidiwa nacho na dhati yake ikabaki. Watu wa pwani walilijua hilo wakalitenda. Katika vitabu vya kale vya mkono vilivyohifadhiwa katika Msikiti wa Riyadha huko Lamu, alioujenga Habib Saleh bin Alwi Jamalilail, mna vilivyoandikwa kuwa ni wakfu. Na katika miaka ya 2010 vitabu hivyo vilipigwa picha ukurasa kwa ukurasa, ili yaliyomo yasipotee. Aliyeliandika neno lile "wakfu" kwa mkono wake hakukusudia kitabu chake kitazamwe nyuma ya kioo. Alikusudia thawabu zimfikie kaburini kila mtu anapokisoma. Basi kisiposomwa, amekatiwa riziki yake ya akhera, na aliyemkatia ni yule aliyeaminiwa kukiangalia. Ni kweli kuwa mwangalizi wa wakfu ana wajibu wa kukilinda kitabu na mchwa, na mvua, na mwizi. Lakini kukilinda na wale wale waliowekewa ni kugeuza mambo juu chini.

Katika vitabu vilivyosomeshwa sana kwa Mashafi'i ni Minhaj ya Imam Nawawi. Watu wengi wamekisoma kitabu, wala hawajui khabari za ujana wa mwenyewe. Imam Yahya bin Sharaf alizaliwa mwaka 631 wa Hijra (1233) katika mji mdogo wa Nawa, nchi ya Sham, na baba yake alikuwa na duka. Alipokuwa na umri wa miaka kama 10 watoto wenziwe walikuwa wakimlazimisha acheze nao, naye huwakimbia akilia, huku anasoma Kurani. Siku moja akapita Sheikh Yasin bin Yusuf al-Marrakushi akamwona katika hali ile. Sheikh huyu hakuwa baba yake wala mwalimu wake, wala hapana aliyemwuliza shauri. Walakini hakupita akanyamaza: alikwenda kwa mwalimu wa chuo akamwusia juu ya mtoto yule. Mwalimu akalichukua neno hilo akampelekea baba, na baba akalishika kwa nguvu, mpaka mtoto akakhitimu na hali ya kuwa amekaribia kubaleghe.

Wala baba hakusema kuwa sasa yametimia, na arudi dukani. Mwaka 649 (1251), kijana alipokuwa katika mwaka wake wa 19, baba alimchukua mwenyewe mpaka Dimishki. Huko akakaa katika Madrasa ya Rawahiyya, akala mkate wa madrasa, akahifadhi kitabu cha Tanbih kwa muda wa miezi minne na nusu. Na baadaye akawa husoma masomo 12 kila siku mbele ya masheikh wake.

Wengi wanaposimuliwa khabari hii husimama kwenye yale masomo 12. Hustaajabu, wakasema kuwa mtu yule alikuwa walii, nani awezaye kuwa kama yeye, kisha wakaondoka wametua mzigo. Hiyo ni njia ya kukimbia. Mahali pa kusimama ni pale mwanzo, penye watu watatu: mpita njia aliyeona, mwalimu aliyesikiliza, na baba aliyeacha mkono mmoja upungue dukani. Mmoja wao lau angalisema kuwa hilo halimkhusu, Nawa ingalipata muuza duka mwema mmoja zaidi, na Waislamu wasingalipata Minhaj wala Riyadhu-Swalihina. Na watoto kama yule hawakwisha duniani. Waliopunguka ni wapita njia wenye kutazama.

Wako wazazi wenye khofu ya namna nyingine. Husema: maktaba ya skuli ina vitabu vya kila aina, na kijana akiingia humo atatoka na itikadi iliyoharibika. Khofu hii si ya kuchekwa, kwani vitabu vibaya vipo kama vile vyakula vibaya vilivyopo. Lakini kumfungia kijana maktaba hakumfungii mabaya. Kunamfungia mazuri peke yake, kwa kuwa mabaya yenyewe humfuata mpaka kitandani, yamo ndani ya simu. Na kijana aliyezoea vitabu, akajifunza kuuliza ni nani aliyesema neno hili, na amelipokea kwa nani, na limeandikwa wapi, huyo ndiye atakayeuliza vivyo hivyo atakapoletewa uzushi usiku wa manane. Asiyesoma kabisa ndiye mwepesi kuliko wote kuaminishwa. Dawa ya khofu ni mzazi mwenyewe kukitwaa kitabu alichorudi nacho mwanawe, akakifungua, na wakati wa chakula cha usiku akamwuliza kina nini. Akiwa mzazi hajui kusoma, na asomewe. Hiyo ni heshima kwa mwana na faida kwa baba.

Marehemu Sheikh al-Amin bin Ali al-Mazrui wa Mombasa (1891–1947), aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu mwaka 1937 mpaka kufa kwake, hakuwakhofisha watu na karatasi. Mwaka 1930 alitoa Sahifa, na mwaka 1932 akatoa al-Islah, akaandika kwa Kiswahili mambo ambayo kabla yake watu walizoea kuyakuta katika Kiarabu, ili asiyefika kwenye Kiarabu asibaki mikono mitupu. Wako walioona kuwa hilo ni kuishusha elimu. Lakini elimu isiyomfikia kijana haikupandishwa, imefichwa.

Na hapa ndipo penye kosa la walimu wengi wema. Wakipata ari ya kuwasomesha vijana, huwapa kwanza kitabu kizito kuliko vyote walivyonavyo, chenye sherehe na hashiya pembezoni, na kijana akishindwa husema kuwa hana bahati ya elimu. Mtu hafundishwi kuogelea katika mkondo wa bahari kuu. Kijana na aanze na anachokifahamu na kinachomvuta, kisha apandishwe. Kama hajui Kiarabu, mna tafsiri ya Kurani ya Sheikh Abdallah Saleh Farsy iliyotoka kamili mwaka 1969. Kama anapenda mashairi, yako ya wazee wa Lamu na Pate, na uko utendi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858, ambao mama alimwandikia binti yake. Na katika hilo mna jawabu kwa wanaodhani kuwa kitabu si mali ya mwanamke, kwani aliyeandika ni mwanamke na aliyeandikiwa ni msichana. Mna vitabu vya Shaaban Robert wa Tanga, aliyefariki mwaka 1962, ambavyo Kiswahili chake peke yake ni darasa. Wako watakaokunja nyuso wakitajiwa Mzimu wa Watu wa Kale wa Muhammad Said Abdulla, kilichotoka mwaka 1960, kwa kuwa ni hadithi ya upelelezi. Na wakunje. Kijana aliyesahau kwenda kibarazani kwa sababu anataka kujua muuaji ni nani, huyo amekwisha kupata jambo kubwa, nalo ni kukaa na kitabu saa mbili pasina kulazimishwa.

Na lau kungalitakiwa kitabu kimoja cha kumtia kijana wa pwani hamu ya kusoma, basi ni safari ya Ibn Battuta. Alitoka kwao Tanja mwaka 1325, akiwa na miaka 21 tu, akiwaacha wazazi wake wahai na huzuni imemshika. Na mwaka 1331 alifika Mombasa, kisha Kilwa. Akaandika kuwa watu wa Mombasa ni Mashafi'i, wana dini na mwendo mwema, na misikiti yao ni ya mbao iliyojengwa kwa ustadi, na penye mlango wa msikiti pana kisima, maji yakitekwa kwa chombo chenye mpini mrefu, mtu akaosha miguu ndipo akaingia. Kijana anayeosha miguu yake msikitini kila alasiri, akikuta kitabuni kuwa watu wa mji wake walionekana wakifanya hivyo karibu miaka 700 iliyopita, hawezi tena kusema kuwa vitabu ni khabari za watu wengine.

Ama la kutendwa si gumu, wala halihitaji mali nyingi. Kabati lifunguliwe, na litolewe katika chumba cha mwalimu mkuu, kwani hapana kijana apendaye kuingia huko ila aliyeitwa, na aliyeitwa huwa ameitwa kwa kosa. Liwekwe mahali penye mwanga na mikeka au viti. Iwekwe siku maalumu katika juma na saa maalumu, isiyogongana na mpira. Maana mwalimu akishindanisha kitabu na mpira, kitabu kitashindwa, na lawama ni ya aliyeshindanisha. Ateuliwe kijana mmoja katika wakubwa awe mtunza vitabu, apewe daftari, aandike jina la kitabu, na jina la aliyekichukua, na siku ya kurudisha. Na ufunguo akabidhiwe yeye. Watu wazima wataogopa kumpa ufunguo kijana wa miaka 16. Lakini kijana huyo huyo hupewa ngalawa kwenda nayo nje ya mwamba, na hupewa duka alilinde baba yake akienda kuswali.

Wala maktaba isifanywe jela. Baadhi ya walimu, mwanafunzi akipiga kelele darasani, humwambia nenda ukakae penye vitabu mpaka ujue adabu. Mwalimu huyu amemfundisha mtoto kwa neno moja kuwa kitabu ni adhabu, na hilo halitamtoka hatta akiwa mzee. Kinyume chake, mwalimu mwenyewe na aonekane humo amekaa anasoma, pasina kusimamia mtu. Vijana huiga wanayoyaona kuliko wanayoambiwa, na wengi wao hawajapata hatta siku moja kumwona mwanamume mzima wa mtaa wao amekaa na kitabu kisichokuwa Msahafu au daftari la hesabu za duka.

Limebaki jambo la kuazima, ambalo limewazuia vijana wengi, kwa kuwa huogopa kitabu kikipotea watalipishwa. Na hukumu yake iko wazi. Kitabu cha mtu binafsi kikiazimwa, katika madhehebu ya Imam Shafi'i mwenye kuazima ni mdhamini: kikiharibika si kwa yale matumizi aliyoruhusiwa, atalipa, ijapokuwa hakufanya uzembe. Ama kitabu cha wakfu kilichowekewa wanafunzi, kikichukuliwa na mwanafunzi ambaye yumo katika waliowekewa, kisha kikaharibika mkononi mwake pasina uzembe, basi hana malipo juu yake, kwa kuwa ni mmoja katika wenye haki nacho. Wala hana ruhusa ya kukiazimisha kwa mwingine pasina idhini. Ama kitabu cha skuli ya serikali, hicho hufuata kanuni za skuli, na kanuni ikiwa kali mno mpaka vijana wakakimbia, na ilegezwe. Kitabu kilichopotea mikononi mwa msomaji ni khasara ndogo kuliko kilichooza salama ndani ya kabati.

Pamoja na ruhusa huja adabu. Kadhi Badrudini Ibn Jamaa, mwanachuoni wa Kishafi'i aliyekufa mwaka 733 wa Hijra (1333), katika kitabu alichokitunga juu ya mwenendo wa mwalimu na mwanafunzi aliweka mlango mzima wa adabu za vitabu. Amesuniwa mtu kuazimisha kwa asiyekhofiwa kuharibu, na mwenye kuazima akishukuru asikikawize pasina haja. Kisiachwe kitabu kimetandazwa wazi chini, wala kisikunjwe pembe za kurasa zake, wala kisifanywe kuwa mto wa kulalia, wala upepeo, wala chombo cha kuulia wadudu. Anayedhani kuwa vijana wa zama hizi wamezidi kwa utovu wa adabu na azingatie kuwa kadhi mkubwa wa Misri, zaidi ya miaka 600 iliyopita, aliona haja ya kuwakataza wanafunzi kuulia wadudu kwa vitabu.

Wala Imam Nawawi hakuacha kuwa mwenye kuazima hatta baada ya kuwa sheikh wa Darul-Hadithi Ashrafiyya huko Dimishki, cheo alichokishika mwaka 665 (1267). Haki yake ya mshahara hakuila. Hununuliwa kwayo milki au vitabu vikawekwa wakfu palepale. Na ulipofika mwaka 676 (1277), akataka kurudi kwao, alivikusanya vitabu vyote vya wakfu alivyokuwa ameviazima akavirudisha, akayazuru makaburi ya masheikh wake, akawaaga marafiki zake, kisha akashika njia ya Nawa kwa baba yake. Huko akaugua, akafa nyumbani kwao, na umri wake ni miaka 45, na baba yake yu hai.